Nilipie, Halafu Nisicheze

Nyumbani kwangu siku hizi hakuna anayecheza karata. Wanazitupa. Mtu anagawiwa karata mbili, anazichungulia kwa pembeni, anafyonza, anazisukuma katikati ya meza kifudifudi, kisha anakunja mikono na kuwatazama wenzake. Zikigawiwa tena, anatupa tena. Ukimuuliza mbona huchezi, anakujibu kwa sauti ya mhadhiri: "Mjomba, kutupa ndiko kucheza kwenyewe."

Mleta balaa hili ni mpwa wangu, aliyekuja kwetu kusubiri majibu ya ajira. Majibu hayajaja. Kilichokuja naye ni begi moja, chaja ya simu, na mchezo wa poka wanaouita Texas Hold'em, ambao ndio poka inayochezwa zaidi duniani kwa sasa. Mama watoto alipiga marufuku pesa tangu mwanzo, akisema kamari haitaingia kwake hata ikivaa suti, kwa hiyo tunachezea vizibo vya soda. Hilo halijapunguza majivuno ya mpwa wangu hata kidogo. Anavipanga vizibo vyake kwa minara, vya machungwa huku, vya kola kule, na akiwaza huvichezesha vidoleni kama alivyoona kwenye simu.

Mimi nimelelewa na albastini na wahedusitini. Kule ukigawiwa karata, huo ndio mzigo wako, utaubeba mpaka karata ya mwisho. Una turufu, unaibamiza mezani mpaka vikombe vya kahawa vinaruka. Una garasa, unalitoa, unaliwa, mwenzako anakutukana kidogo, mnaendelea. Hakuna barazani kwetu aliyewahi kusema, "Jamani, hizi sikuzipenda, chezeni ninyi, mimi nitawaangalia." Angesema hivyo angeitwa mgonjwa na kuitiwa bajaji.

Sasa sikilizeni kanuni zenyewe, maana nimeshazisikia mpaka naziota.

Kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Watu wanaweka dau. Kisha zinafunuliwa karata tatu katikati ya meza, wenyewe huziita flopu, na hizo ni za wote. (Mimi ni mtu wa Dar es Salaam. Nikiona karata tatu zimepangwa mezani na kijana mwenye maneno mengi, mkono wangu unashuka wenyewe kushika pochi, na mguu mmoja unaanza kuelekea kituo cha polisi cha Msimbazi.) Watu wanaweka dau tena. Inafunuliwa ya nne, dau tena. Inafunuliwa ya tano, ambayo huitwa riva, na dau la mwisho. Waliobaki wanafunua, na kila mmoja anachagua tano zilizo bora kati ya saba: mbili zake za siri na tano za hadhara.

Bora ni ipi? Ya chini kabisa ni kuwa na karata moja kubwa tu na majuto. Juu yake kuna jozi, kisha jozi mbili, kisha tatu zinazolingana, kisha tano zinazofuatana kwa namba, kisha tano za aina moja, yaani zote kopa, au zote uru, au pau, au shupaza. Juu ya hapo kuna tatu zinazolingana pamoja na jozi, kisha nne zinazolingana, na kileleni kuna tano zinazofuatana na zote za aina moja. Ile kubwa kuliko zote, kuanzia kumi mpaka ree, ziko nne tu kati ya mikono 2,598,960 ya karata tano inayoweza kupatikana katika pakiti. Mpwa wangu anaingoja hiyo kwa matumaini yaleyale anayoingojea barua ya ajira.

Katika zamu ya dau una hiari zako. Kama hakuna aliyeweka kitu, unaweza kupitisha. Kama yupo aliyeweka, unalipia kiasi hichohicho, au unapandisha, au unatupa karata zako na kupoteza ulichokwisha kuweka. Na kuna njia mbili za kulibeba dau: uwe na mkono bora kuliko wote mwishoni, au wenzako wote watupe kabla ya mwisho. Hiyo njia ya pili ndiyo iliyoharibu nyumba yangu.

Lakini nianze na kero ya kwanza: blaindi. Kabla hata karata hazijagawiwa, watu wawili wanaokaa kushoto kwa mgawaji wanalazimika kuweka dau, mmoja dogo, wa pili kubwa, kwa kawaida mara mbili ya lile dogo. Hawajaona kitu. Wanalipa tu. Zamu inazunguka, kwa hiyo hakuna anayeponea. Nilipolalamika kwamba hii ni tozo, mpwa wangu alinieleza kwa upole unaoudhi: bila blaindi, kila mtu angekaa akisubiri ree mbili, na mchezo usingeanza mpaka kiama. Kwa maneno mengine, mchezo wenyewe unajua kwamba wafuasi wake hawapendi kuucheza, ukaona bora uwatoze faini.

Na ukitaka kujua wangesubiri kiasi gani, hesabu ipo. Karata mbili za mwanzo zinaweza kuja kwa namna 1,326. Kati ya hizo, ree mbili ni namna sita tu, yaani mara moja katika kila 221. Kwenye meza ya kasino hugawiwa mikono kama 30 kwa saa. Gawanya mwenyewe: zaidi ya saa saba umekaa, mgongo unauma, ndipo zinakuja ree mbili, na hapo wenzako wanakuona umekaa wima ghafla, wanatupa wote, unaokota blaindi. Wasipotupa, bado mtu mwenye karata zozote za bahati nasibu anaweza kukula mara 15 hivi katika 100. Saba na mbili zisizo za aina moja, zinazohesabiwa kuwa mkono mbovu kuliko yote, zinaweza kuziua ree mbili mchana kweupe, na hakuna pa kukata rufaa.

Nikataka kujua ni nani aliyebuni adhabu hii. Jina halifichi kitu, ni Texas, Marekani. Bunge la jimbo hilo lilipitisha azimio mwaka 2007 kuutambua mji mdogo wa Robstown, karibu na Corpus Christi, kuwa ndiko mchezo ulikozaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1900. Waheshimiwa waliketi, wakajadili, wakaupongeza mji kwa karata. Na hili ni jimbo lenye sheria kali za kamari, ambako kasino za kawaida haziruhusiwi. Mtoto wanamkataza kuingia sebuleni, lakini cheti chake cha kuzaliwa wamekitundika ukutani.

Poka yenyewe ni kongwe kuliko hapo. Ilishika mizizi katika karne ya 19 upande wa New Orleans na ikapanda Mto Mississippi kwa meli za mvuke, ikiwaacha wakulima wa pamba bila mashamba. Lakini poka ya zamani ilikuwa na ubahili wake. Ile ya kubadilisha karata ilikuwa na nafasi mbili tu za kuweka dau, na karata zote za mtu ni siri, kwa hiyo unamkisia mwenzako gizani. Wateksasi walileta karata za hadhara na nafasi nne za dau. Crandell Addington, mmoja wa wacheza poka wa enzi hizo, alilisifu jambo hilo hasa: nafasi nne zinampa mtu mahali pa kupanga hila. Isitoshe, kwa kuwa kila mmoja anapewa mbili tu, pakiti moja inaweza kutosha watu 22 hata baada ya kutengwa karata tatu, moja ikifichwa kabla ya kila mfunuo. Watu 22! Ukumbi mzima wa watu wasiocheza.

Katika miaka ya 1950 na 1960 wenye mchezo huu walikuwa watu wa barabarani. Doyle Brunson, Thomas Preston aliyejulikana kama Amarillo Slim, na Sailor Roberts walizunguka miji ya Texas na majirani zake kutafuta meza. Walikuwa na maadui wawili. Wa kwanza ni polisi, kwa sababu michezo yenyewe ilikuwa haramu. Wa pili ni majambazi, kwa sababu chumba kilichojaa watu wenye pesa taslimu, wasioweza kwenda kushtaki, ni karamu iliyoandaliwa. Kumshinda mtu karata ilikuwa sehemu nyepesi ya kazi. Kazi ilikuwa kufika na pesa nyumbani.

Brunson namwonea huruma kidogo. Alikuwa mchezaji mzuri wa mpira wa kikapu chuoni, timu ya Minneapolis Lakers ilikuwa imeshamtupia jicho, kisha akavunjika mguu katika kibarua cha kiwandani. Mpira ukaisha, karata zikaanza. Mtu huyu alikuja kushinda shindano kuu la dunia mwaka 1976 na tena 1977, na miaka yote miwili karata zake za siri katika mkono wa mwisho zilikuwa kumi na mbili. Namaanisha kumi, na karata ya mbili. Ni garasa la kutupwa bila hata kufikiri, lakini mpaka leo linaitwa kwa jina lake. Mpwa wangu, anayenifundisha nidhamu ya kutupa, akipata kumi na mbili hatupi. Anasema ni heshima kwa marehemu, aliyefariki mwaka 2023 akiwa na umri wa miaka 89. Kumbe nidhamu ina likizo.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 Brunson alitoa kitabu kinene, Super/System, akimwaga siri za mabingwa. Baadaye alilalamika kwamba watu walikisoma, wakaja mezani kwake na mbinu zake mwenyewe. Huyu mzee ningemwelewa vizuri. Angefaa baraza letu.

Kabla ya hapo mchezo ulikuwa umeshahamia Las Vegas. Wateksasi waliupeleka huko katika miaka ya 1960, ukakaa muda mrefu kwenye Golden Nugget, mahali pa hadhi ya chini ambako matajiri hawakupitapita. Mwaka 1970 Benny Binion, Mteksasi mwenzao mwenye historia ndefu na vyombo vya sheria, akawaalika mabingwa kwenye kasino yake, Horseshoe, na kuliita tukio hilo Mashindano ya Dunia ya Poka. Sasa angalieni walivyompata bingwa wa kwanza: walipiga kura. Wamecheza siku kadhaa, wamemaliza, wakaulizana nani bora. Husimuliwa kwamba katika kura ya kwanza kila mtu alijichagua mwenyewe, ikabidi waulizwe upya ni nani wa pili kwa ubora, ndipo Johnny Moss akashinda na kupewa kikombe cha fedha. Mimi nimeshawahi kukaa kwenye kamati za harusi; habari hii sihitaji ushahidi ili niiamini. Mwaka uliofuata wakaona aibu, wakaweka utaratibu wa kucheza mpaka abaki mmoja mwenye visarafu vyote, vile vinavyowekewa dau mezani. Moss akashinda tena, safari hii bila kamati.

Kwa miaka mingi baada ya hapo poka ilibaki mchezo wa wenyewe, na sababu ni ileile ninayoisema mimi. Nani atakaa mbele ya televisheni kutazama wanaume wakitupa karata ambazo mtazamaji hazioni? Aliyetegua kitendawili ni Henry Orenstein, Myahudi mzaliwa wa Poland aliyenusurika kambi za Wanazi, akahamia Marekani na kuwa mbunifu wa vitu vya kuchezea watoto; mkono wake umo hata katika kuletwa kwa Transformers huko. Alikuwa anapenda poka na alichoka kuitazama bila kuelewa, kwa hiyo katikati ya miaka ya 1990 akabuni meza yenye kamera ndogo za kuziona karata za siri. Waingereza walianza kuonyesha kipindi cha namna hiyo mwaka 1999, Wamarekani wakafuata kwa nguvu mwaka 2003. Ghafla mtu aliyelala kwenye kochi na sahani ya bisi akawa anajua zaidi kuliko bingwa aliyeko mezani. Anamwona anatupa mkono bora, anamwita mjinga. Hiyo ndiyo raha iliyouza mchezo, na mimi, mtazamaji mzoefu wa mpira, siwezi kuilaumu.

Mwaka huohuo wa 2003 akatokea mhasibu kutoka Tennessee. Jina lake, na si mimi niliyelitunga, ni Chris Moneymaker, Mtengenezapesa. Alilipa dola 86 kwenye mchujo wa mtandaoni, akajishindia kiti katika shindano lilelile kuu la dunia, ambalo kuingia kwake ni dola 10,000. Walikuwa wachezaji 839. Mwishoni wakabaki wawili, yeye na Sam Farha, mkongwe wa kasino aliyekuwa na sigara mdomoni isiyowashwa.

Mkono mmoja pale ndio chimbuko la mateso yangu yote. Mezani palikuwa na tisa ya shupaza, mbili ya uru, sita ya shupaza, nane ya shupaza, na mwisho ikaja tatu ya kopa. Farha ana malkia na tisa, kwa hiyo ana jozi ya tisa, kubwa kuliko jozi nyingine yoyote ambayo meza ingeweza kumpa mtu. Moneymaker ana mfalme wa shupaza na saba ya kopa. Alikuwa akingoja shupaza moja zaidi, au karata ya kumi au ya tano ya kuunga mfululizo. Hakupata hata kimoja. Hana kitu. Mfalme mmoja mpweke. Akasukuma visarafu vyake vyote katikati, akaketi kama sanamu na miwani yake ya jua. Farha akawaza, akawaza, akatupa. Jozi ya tisa ikaenda kwenye takataka, utupu ukazoa dau. Muda mfupi baadaye Moneymaker akawa bingwa, na dola milioni 2.5 zikaenda kwa mhasibu.

Huo ndio mkwara, na mkwara ndio unaoufanya huu utupaji wote uwe na maana. Kama hakuna anayetupa, hakuna anayeweza kutishwa. Dunia nzima ikamwona mtu wa kawaida akifanya hivyo, ikasema mbona hata mimi. Mwaka 2004 walijitokeza watu 2,576, na mwaka 2006 wakafika 8,773. Kila mmoja ana miwani ya jua ndani ya jengo.

Hata mitambo haikubaki nyuma. Januari 2017 programu ya kompyuta inayoitwa Libratus, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon na Tuomas Sandholm na Noam Brown, iliwachapa mabingwa wanne mjini Pittsburgh katika mikono 120,000. Ilipiga mikwara pia, na haina hata uso wa kutoa jasho. Mpwa wangu husimulia habari hii kwa fahari kana kwamba ni mjukuu wa Libratus, na tangu aisome anapiga mkwara kila baada ya mkono. Anasukuma vizibo vyote, anatazama dari, mimi natupa, mwanangu anatupa, yeye anaokota, kisha anatuonyesha kwamba alikuwa na nne na tisa. Anaita hesabu. Mimi nina jina jingine, ila mama watoto yupo karibu.

Hali ilikuwa hivyo mpaka jirani yetu, mzee mmoja mstaafu, alipokuja kuazima toroli akakuta tunacheza. Shikamoo zikatolewa, kiti kikasogezwa, kanuni zikaelezwa kwa haraka. Mzee alizishika nusu. Nusu aliyoishika ni kwamba ukiweka vizibo unaruhusiwa kuendelea kuona. Kutupa hakukumwingia. "Sasa nikitupa," aliuliza, "nitajuaje mlikuwa na nini?" Na mtu huyu mtaa mzima unamjua: gari likisimama kwa jirani usiku, yeye asubuhi anajua limeshusha nini.

Alilipia kila kitu. Mpwa wangu akipandisha, mzee analipia. Akipandisha tena, mzee anasema, "Haya, tuone." Katika mkono mmoja mkubwa meza ilikuwa imejaa kopa za kutisha, mpwa wangu akasukuma minara yake yote, akatazama dari, akatulia kama Moneymaker wa Tandika. Nilitupa zangu mara moja. Mzee akahesabu vizibo kimoja kimoja, akaweka. Kijana akafunua: hana kopa hata moja, hana jozi, ana mfalme tu. Mzee akafunua saba na mbili, na mezani palikuwa na mbili nyingine. Jozi ya mbili. Akavuta vizibo vyote kwa kiganja, vya machungwa na vya kola pamoja, minara ikaanguka.

Mpwa wangu akasimama. Akamweleza mzee kwa heshima, huku sauti ikitetemeka, kwamba saba na mbili ndio mkono mbovu kuliko yote, kwamba alitakiwa autupe mwanzoni kabisa, kwamba jozi ya mbili mbele ya kopa zile haiwezi kulipiwa na mtu mwenye akili, na kwamba akicheza hivyo kwa mikono elfu kadhaa lazima afilisike.

Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, akiitikia kwa kichwa.

"Gawa, baba," akasema.